Kwa nini gari kuukuu huzima likisimama, ilhali barabarani linakwenda bila shida?

Gari limetoka Gongoni, limevuka daraja la Sabaki bila kukohoa. Linaingia Malindi mjini, tuktuk zinalibana, dereva anaondoa mguu kwenye mafuta. Papo hapo injini inatetemeka, inashuka, inazima. Akipiga stata linawaka mara moja. Petroli ni ileile, plagi ni zilezile. Kuna nini?

Injini huonyesha maradhi yake pale isipokuwa na kazi. Ukikanyaga mafuta, kibati cha throtali, yaani mlango wa hewa ya injini, hufunguka na hewa huingia kwa wingi. Ukiachia, kibati hujifunga karibu kabisa, na injini nyingi ndogo za petroli hubaki zikizunguka mara 700 hadi 850 hivi kwa dakika kwa hewa ya upenyo mdogo tu. Wakati huo mvuto ndani ya manifoldi, mabomba yanayogawa hewa kwa silinda, ni mkali, na popote penye ufa hewa itapita. Kijiko cha chumvi hakisikiki kwenye sufuria ya pilau. Kitie kwenye kikombe cha chai uone.

Ndiyo maana kwanza hutafutwa mahali injini "inapovuta hewa", kama mafundi wasemavyo. Weka gia fri, vuta breki ya mkono, fungua boneti injini ikinguruma, usikilize mluzi mwembamba. Kisha zima, ipoe, ukague paipu nyembamba za mpira kwa vidole. Joto huzikausha mpaka zikawa ngumu, na ufa hupenda kujificha pale paipu inapovikwa kwenye chuma: hauonekani mpaka uikunje. Kwenye gasket ya manifoldi, washa tena na unyunyizie maji ya sabuni kidogo kidogo, mbali na waya za plagi. Mlio ukibadilika, umepata. Wako wanaonyunyizia petroli. Majibu wanapata, lakini juu ya injini ya moto yenye waya zilizochoka, mimi simo.

Kanyaga na breki pia. Mlio ukiyumba kila ukikanyaga, na ukasikia hewa ikipumua miguuni, huenda busta, kile kifaa kinachoipa breki nguvu, imepasuka ndani. Hilo usilipeleke wiki ijayo.

Kama hewa haivuji, tazama uchafu. Mvuke wa oili unaorudishwa kwenye injini huacha masizi meusi ukingoni mwa throtali na kuziba ule upenyo. Dawa ya kusafishia na kitambaa vinatosha, ila kibati kinachoendeshwa kwa umeme usikisukume kwa kidole. Baada ya kusafisha, mzunguko unaweza kubaki juu kwa muda mpaka kompyuta ya gari ijirekebishe.

Kwa wenye kabureta, kile kifaa cha zamani kinachochanganya petroli na hewa, tuseme Peugeot 504 ambayo bado ina mwenyewe, dalili ni hii: ukishikilia mafuta kidogo linakwenda, ukiachia tu linazima. Mara nyingi jeti ndogo, kitundu cha kupitishia petroli, imeziba kwa chembe ya uchafu wa tangi. Ifungue, ipulize kwa hewa ya kompresa. Usiichokonoe kwa waya, maana tundu likipanuka litakunywa petroli daima.

Sasa ile skrubu ya mwendo, inayopandisha na kushusha mzunguko wa injini isipokuwa na kazi. Fundi mwenye haraka huikaza kabla ya yote. Mzunguko unapanda hadi 1,200, gari halizimi tena, pesa inalipwa. Ufa uko palepale, petroli inaliwa, na gari la otomatiki linamsukuma dereva kila tuta. Skrubu huguswa mwisho, injini ikiwa moto na eyasi (kiyoyozi) imezimwa. Kwenye kabureta hutafutwa kwanza skrubu ya mchanganyiko, izungushwe taratibu mpaka mlio utulie, ndipo ile ya mwendo ishushwe.

Na kama baada ya hayo yote bado linatetemeka, likipoa na likipata moto, mwambie fundi apime kompresheni, yaani mbano wa hewa, ya kila silinda na nafasi za vali. Vali isiyofunga sawasawa haitibiki kwa bisibisi.