Thimlich Ohinga Si Ikulu, Jamani

Juzi tena. Nimekaa Dunga, Kisumu, nasubiri samaki, mzee wa meza ya pili akanigeukia: "Fundi, ile ikulu yenu ya kule Migori, mfalme wake alikuwa nani?" Nikamjibu, "Mzee wangu, hana jina kwa sababu hakuwepo." Akacheka, akaniona mjuaji. Basi naandika hapa, nikiulizwa tena nitume kiungo niendelee kula.

Thimlich Ohinga ni maboma ya kale ya kuta za mawe kule Migori, magharibi mwa Kenya. Makubwa pale ni manne: Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch. Yanakadiriwa kujengwa karne ya 16, na UNESCO ikayatia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Hayo yote yamo kwenye simu yako.

Yasiyo kwenye simu ni ukuta wenyewe. Kimo ni mita 1.5 hadi 4.5, unene wastani wa mita moja, bila saruji, bila chokaa, bila jiwe hata moja lililochongwa. Unapandisha uso wa nje na uso wa ndani kwa pamoja, na katikati unapanga mawe madogo. Unapanga, humwagi! Vijana ninaowafundisha hupenda kuijaza ile nafasi kwa karai kama wanamwaga kokoto, halafu wanashangaa ukuta ukivimba tumbo. Jiwe dogo la katikati ndilo linaloshika yale makubwa yasisukumane nje. Kamba na timazi waache nyumbani: ukuta ule unapinda, na kupinda kwenyewe ni sehemu ya nguvu zake.

Sasa kinachonikera. Watu wakiona mawe wanaona mfalme. Ya Great Zimbabwe, ule mji wa kale wa wafalme kusini mwa Afrika, yamewaingia kichwani, kwa hiyo kila ukuta wa mawe Afrika lazima uwe na kiti cha enzi ndani yake. Lakini kule graniti hupasuka yenyewe kwa mabamba, ikapangwa safu kwa safu kama matofali. Huku kwetu ni mawe ya kuokota kilimani, kila moja na sura yake.

Tena mkitaka mfalme, tunaye. Nendeni Mumias. Wanga, Waluhya wa kule, walikuwa na Nabongo, yaani mfalme, na Nabongo Mumia aliishi mpaka mwaka 1949. Mji wake ulizungushiwa ukuta wa udongo. Udongo! Mfalme mwenyewe nyuma ya udongo, wafugaji wa Migori nyuma ya mawe. Na kule Siaya Wajaluo walichimba handaki, wakainua tuta la udongo, wakaliita gunda bur. Kila mtu alijenga kwa kilichokuwa chini ya miguu yake. Kilima cha Thimlich kimejaa mawe; ungeyafanya nini, uyapande?

Lugha nayo imetuponza. Chukua neno la Kijaluo, ruoth. Kanisani Ruoth ni Bwana Mungu, kwenye Biblia ni mfalme pia, na wakati wa mkoloni chifu naye aliitwa ruoth. Mtu akisikia boma la ruoth, anatafsiri ikulu. Ruoth wa zamani alikuwa mkubwa wa watu wake, na wazee walikuwa wakimsikiliza na kumbishia.

Mlango nao. Ni mfupi, hata mimi nisiye mrefu nainama. Zamani niliwauliza wageni: mfalme gani anaingia kwake kakunja mgongo? Siku moja mwanafunzi akanijibu kwamba mlango mfupi unaweza kuwekwa makusudi, mgeni asujudu kabla hajasema neno. Hoja yangu ikafa palepale. Siitumii tena.

Na niseme jambo ambalo kwenye ripoti halionekani. Sehemu ikiporomoka tukairudisha, picha za kabla hutusaidia kiasi. Zikiisha, naongozwa na mkono na jicho. Jiwe ninaloliweka linakaa vizuri, lakini siwezi kuapa kwamba ndipo lilipokaa. Kuna vipande vya ukuta ambavyo wageni hupiga picha wakisema "miaka 500!" na mimi natazama pembeni.

Ukienda, ingia Kochieng utafute jiwe lenye mashimo ya ajua, bao la kwetu. Chuchumaa hapo. Ng'ombe wameshaingia, mlango umezibwa, na watu wawili wanabishana nani kaiba kete.