Kikomo cha kipato kwenye ruzuku za kilimo Marekani, maana yake nini hasa

Watu wakisikia kwamba Marekani mwenye kipato cha zaidi ya dola 900,000 hapewi ruzuku ya kilimo wanadhani basi wakulima wakubwa wote wametolewa, kumbe wala. Haiangaliwi mauzo wala ukubwa wa shamba, inaangaliwa ile hela inayobaki kwenye fomu ya kodi baada ya kutoa gharama, wenyewe wanaiita AGI. Mtu anauza mahindi na soya ya dola milioni 3, anatoa mbegu, mbolea, dizeli, riba ya benki, hela ya kukodi mashamba, anatoa na uchakavu wa trekta jipya alilonunua Disemba (na Disemba wananunua makusudi, kipato cha mwaka huo kishuke), ukija kucheki kwenye karatasi ana laki moja na nusu tu. Huyo anapita bila shida.

Alafu sio kipato cha mwaka mmoja, ni wastani wa miaka 3, na mwaka wa kodi wa karibuni kabisa wanauruka, yaani malipo ya 2024 wanaangalia 2020, 2021 na 2022. Hapa ndo watu wananaswa. Chukulia mtu kapata 120,000 mwaka 2020, 130,000 mwaka 2021, alafu 2022 kauza ardhi ya urithi ikaingiza 2,600,000. Jumla 2,850,000, gawa kwa 3 unapata 950,000, keshatoka huyo. Na mapato mengine yakibaki hapohapo basi 2022 itamfuata kwenye malipo ya 2025 na 2026 pia maana bado imo kwenye hesabu, wakati kazi yake ni ileile na mkulima wa kawaida tu.

Kikomo chenyewe kilianza na sheria ya kilimo ya 2002, kilikuwa dola milioni 2.5, na kama robo tatu ya kipato chako inatoka shambani hakikugusi. 2008 wakatenganisha kipato cha shamba na cha nje ya shamba kila kimoja na namba yake, ikawa vurugu, 2014 wakarudi kwenye namba moja ya 900,000 inayobeba kila kitu, mshahara, hisa, hela ya kupangisha nyumba, shamba. Sheria ya 2025 imerudisha ule msamaha wa robo tatu ila kwa baadhi ya programu tu, za maafa na za kuhifadhi ardhi.

Usichanganye na kikomo cha malipo, hicho ni kiasi cha juu anachoweza kulipwa mtu mmoja ambaye tayari ana sifa.

Kuthibitisha unajaza fomu CCC-941 pale Farm Service Agency, ofisi ya wizara ya kilimo ya Marekani, ukisaini umeruhusu watu wa kodi, IRS, wahakiki, usipojaza hulipwi. Mke na mume wanaowasilisha kodi pamoja wanaweza kutenganishiwa kipato kwa barua ya mhasibu au wakili. Kampuni yenye wanahisa mmoja wao kazidi, inakatwa kwa kiasi cha hisa zake, wengine wanaendelea kula.

Ila bima ya mazao, ambayo serikali inamchangia mkulima sehemu ya ada, haina kikomo hiki kabisa, hata mwenye mamilioni anachangiwa.