Maneno ya mlangoni, likizo ya Juni

Juni mji wetu wa Moshi ni baridi. Watoto huja na masweta ya shule ingawa shule zimefungwa, na Mlima Kilimanjaro huweza kupotea mawinguni siku 3 mfululizo. Hapo ndipo ninapofundisha kuandika: wiki 4 za likizo, saa tatu asubuhi mpaka saa sita, katika chumba kilicho nyuma ya ukumbi wa kanisa, huku Majengo. Miezi mingine yote mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, nina muhtasari wa kufuata na mitihani ya kusahihisha. Likizoni nina watoto 17, wa darasa la tano hadi kidato cha pili, kila mmoja na kaunta-buku yake.

Wazazi wakiwaleta huniachia maneno mlangoni. Wanayasema kwa upendo, lakini mengi si ya kweli, na mtoto huwa amesimama palepale anasikiliza. Nimeyasikia miaka mingi, nikaona mwaka huu niyajibu.

Dhana: "Mwalimu, huyu hana cha kuandika. Hajaenda popote."

Hii ndiyo inayoniuma kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo.

Siku ya kwanza huwa nawaambia waandike chochote. Mwaka huu nilipata wafalme 4, safari 2 za ndege kwenda London na ajali moja ya basi ambayo aliyeiandika hakuiona. Mwenye safari ya London ni kijana wa darasa la sita anayeishi Kiborloni na bibi yake. Ndege yake iliruka, ikatua, abiria wakafurahi. Nilimuuliza kwenye ndege walikuwa wanakula nini. Akanyamaza. Nikamuuliza, je, jana nyumbani mlikula nini? Mtori, akasema, bila kufikiri. Nani alimenya ndizi? Bibi. Mikono ya bibi ikoje akimenya?

Alifikiri muda mrefu, kisha akainama akaandika: "Mikono ya bibi ni myeusi kama ya fundi baiskeli lakini inanukia ndizi mbichi."

Aliyewahi kumenya ndizi mshare anajua utomvu unavyoshika vidoleni na kugeuka weusi usiotoka kwa sabuni. Sote tumeuona. Huyu kijana aliuona akaufananisha na kitu kingine alichokiona barabarani, na hapo akawa ameshaandika. Hakuhitaji kusafiri. Alihitaji mtu wa kumwambia kwamba jiko la bibi yake linaruhusiwa kuingia kwenye daftari.

Ukweli, kama ninavyouona kila Juni, ni kwamba mtoto asiye na cha kuandika simjui. Ninaowajua ni watoto waliofundishwa kwamba walicho nacho hakifai. Wamesoma hadithi ambazo watu wake wanaishi ghorofani na kula mkate kwa jamu, wakadhani hadithi ziko huko. Zoezi langu la siku ya pili kwa hiyo halibadiliki: andika njia ya kutoka kwenu mpaka hapa, na usiruke kitu. Hapo ndipo napata mbwa wa jirani, mama wa vitumbua anayemdai fulani, na bodaboda aliyelala juu ya pikipiki yake huku miguu iko kwenye usukani.

Dhana: "Uandishi ni kipaji. Mtu anazaliwa nacho, na kinaonekana mapema."

Watoto hutofautiana, sikatai. Yupo anayesikia mlio wa maneno haraka kuliko mwenzake, kama yupo anayekimbia haraka kuliko mwenzake. Lakini mzazi akisema "kipaji" huwa ana maana kwamba kazi haitasaidia, na hapo ndipo tunapoachana.

Shaaban Robert, aliyezaliwa Tanga mwaka 1909, alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, miaka mingi katika idara ya forodha. Hakuwa na maisha ya kukaa akingoja. Aliandika huku ana kazi ya kumlisha. Abdulrazak Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, na riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1987, akikaribia miaka 40. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 2021. Ukimpima mtoto wa darasa la tano kwa insha moja ukasema huyu anacho, huyu hana, umepima asubuhi moja tu ya maisha yake.

Dhana: "Wabunifu wanatumia ubongo wa kulia. Wangu ni mtu wa hesabu."

Baba mmoja aliniambia hivi akionyesha picha kwenye simu, upande mmoja wa ubongo una namba na mwingine una rangi. Picha hiyo imezunguka kwenye makundi ya WhatsApp mpaka imekuwa kama elimu.

Chanzo chake ni kazi ya kweli. Roger Sperry, mwanasayansi wa Marekani aliyepata Nobel mwaka 1981, aliwachunguza wagonjwa wa kifafa ambao madaktari walikuwa wamekata kiungo kinachounganisha pande mbili za ubongo. Akaonyesha kwamba pande hizo hazifanyi kazi kwa namna moja. Ila hao walikuwa watu ambao daraja lao lilikatwa kwa upasuaji. Kwa mtoto mzima pande mbili huwasiliana wakati wote. Tena kwa watu wengi lugha hutegemea zaidi upande wa kushoto, kwa hiyo mtunzi wa hadithi anayetumia upande wa kulia peke yake angekosa maneno ya kutungia.

Nilimweleza yule baba, akacheka, akamwacha mtoto. Ni binti, na shairi lake linafuata hapa chini.

Dhana: "Sheria zinaua ubunifu." Na pacha wake: "Bila vina na mizani hilo si shairi."

Dhana hizi mbili hugombana tangu kabla sijazaliwa. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alitoa kitabu kilichoweka wazi sheria za kutunga mashairi: vina (silabi zinazofanana), mizani (idadi ya silabi), beti. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi akatoa diwani ya mashairi iliyoziweka sheria hizo kando, na mabishano yake yalichukua miaka. Mimi napenda pande zote mbili, na darasani nafundisha zote. Lakini naanza na mizani, na sababu yangu naweza kuionyesha.

Niliwapa kazi ya mishororo 2 tu: mizani 8, pumziko, mizani 8, vina vya kati na vya mwisho vifanane. Binti wa hesabu alianza na "Mlima umefunikwa na mawingu". Akahesabu kwa vidole, zikazidi. Akakata "na mawingu" akabaki na 8 kamili. Kisha akatafuta kipande cha pili mpaka akapata mshororo mzima:

*Mlima umefunikwa, wingu jeupe begani,*

Hapo akakwama, kwa sababu sasa alidaiwa neno linaloishia kwa "-kwa". Nilimwona akitaja maneno kwa midomo bila sauti: nimepakwa, umetekwa, limewekwa. Alipanga kuendelea na mlima, na mlima haukumpa neno. Baada ya kama dakika 10 aliandika:

*Ndizi zetu zimepikwa, moshi watoka jikoni.*

Kabla ya hapo hakuwa na mpango wa kutaja ndizi wala jiko. Kina ndicho kilichomshika mkono kikamtoa mlimani kikamwingiza ndani kwao, na sasa kuna wingu juu na moshi chini, vyote vyeupe, na mji wetu umo katikati kwa jina lake. Alipoligundua hilo la mwisho alishika mdomo.

Wiki iliyofuata niliwapa shairi huru, na wapo waliopumua vizuri zaidi humo. Mmoja aliandika kuhusu umeme kukatika kwa mishororo ya neno moja moja, na ilikuwa sahihi kabisa hivyo. Ningemlazimisha mizani 16 ningemharibia giza lake.

Dhana: "Aweke methali nyingi, na maneno mazito."

Hii imetoka kwetu walimu. Tumewapa alama kwa "ama kwa hakika" na "hamadi!", wakajifunza kwamba ndiyo uandishi. Nina insha ambayo jogoo anawika, jua linachomoza kwa madaha, ndege wanaimba, na mpaka ukurasa wa 2 hakuna mtu aliyeamka. Methali ni mali yetu na siitupi. Lakini iwekwe na mtu ndani ya hadithi, kama babu anavyomkata mjukuu maneno kwa methali moja kisha anaendelea kunywa chai. Ikimwagwa kama chumvi haina ladha.

Vivyo hivyo maneno ya nyumbani. Watoto huniuliza kwa hofu kama wanaruhusiwa kuandika *kihamba* au *mfongo*, kwa kuwa shuleni walikatwa alama. Andika. "Shamba" si kihamba. Kihamba kina migomba na kahawa na nyumba na makaburi ya babu zako. Na mfereji wowote una maji, ila mfongo una zamu, na zamu ina ugomvi, na ugomvi ni hadithi.

Dhana: "Ubunifu ni kutunga kitu ambacho hakijawahi kusikika."

Wiki ya tatu huwa nawapa wote hadithi moja wanayoijua, ya Kibo na Mawenzi, vilele viwili vya mlima wetu. Kama nilivyoisikia mimi: Mawenzi aliacha moto wake uzime, akaenda kwa Kibo kuomba kaa. Akapewa, na chakula juu. Akaona ni tamu, akauzima tena, akarudi. Mara ya tatu Kibo akachukua mchi akampiga, na ndiyo maana mpaka leo kichwa cha Mawenzi kimepasukapasuka hivyo.

Watoto 17, hadithi moja, na sijawahi kupata mbili zinazofanana. Mmoja aliiandika upande wa mchi. Mwingine alimfanya Mawenzi kuwa mama mwenye watoto wenye njaa, na Kibo akatoka mwovu.

Kijana wa kidato cha pili alinipinga. Jiografia, alisema, inasema Mawenzi ni volkano ya zamani kuliko Kibo, ilizimika, mvua na barafu vikaimomonyoa mpaka ikabaki na mita 5,149, wakati Kibo ina 5,895. Kwa hiyo mchi ni uongo. Nikamwambia aandike hivyo hivyo, asiache kitu. Siku 2 baadaye alileta hadithi ambayo Mawenzi ni kaka mkubwa aliyekuwa na moto zamani, kabla mdogo wake hajazaliwa. Moto ukamwishia. Sasa anapanda kwa mdogo wake kila jioni kuomba kaa, na mdogo wake anampa huku anaangalia pembeni ili kaka asione aibu. Hakuna anayepigwa. Kichwa kinapasuka chenyewe, polepole, kwa mvua.

Nilimuuliza wazo hilo amelitoa wapi. Alisema nyumbani, na sikuuliza zaidi.

Dhana: "Daftari safi ndilo la mtoto anayejua."

Chumbani kwangu raba haziruhusiwi. Wengi huja na tabia ya kuandika nusu mstari, kufuta, kuandika, kufuta, mpaka karatasi inatoboka na sentensi haijaisha. Nawaambia wakate kwa mstari mmoja tu, ili nione walikotoka. Rasimu ya kwanza ni mahali pa kutafutia. Mama mmoja alinifuata akiwa amelishika daftari la mwanawe kwa ncha za vidole: "Mwalimu, mbona limechafuka hivi?" Tulikaa kwenye benchi tukalisoma pamoja, kila kilichokatwa na kilichowekwa mahali pake. Alipofika mwisho alirudi mwanzo mwenyewe.

Dhana: "Mwalimu mzuri humsaidia mtoto kumalizia sentensi."

Hii niliiamini mimi.

Mwaka mmoja binti fulani alikuwa anaandika kuhusu baba yake, anayeuza mahindi na maharage soko la Mbuyuni. Aliandika: "Baba akimaliza kushusha magunia hunyamaza mpaka". Kalamu ikasimama. Nilisimama nyuma yake, nikaona muda unakwenda, nikainama nikamwambia: "mpaka jasho limkauke." Akaandika. Akasema asante mwalimu. Siku hiyo hakuandika tena neno jingine, na kesho yake aliandika mistari 3 mifupi kuhusu hali ya hewa. Maneno yangu yalikuwa mazuri, lakini hayakuwa ya baba yake, na yeye alijua, ila heshima ilimzuia kuniambia.

Sasa nikiona kalamu imesimama huwa nauliza swali moja tu, kwa kawaida "ulimwona wapi?", kisha naondoka niende dirishani.

Kila Julai 7, Siku ya Kiswahili Duniani, wazazi huja na watoto huwasomea. Mwaka ule baba wa binti alikuja moja kwa moja kutoka sokoni, akakaa kiti cha nyuma na koti lake la kazi. Binti alisimama na daftari. Alipofika kwenye ile sentensi nilisikia si maneno yangu, na baadaye nilipoliangalia daftari nikaona ameyakata kwa mstari mmoja ulionyooka, kama ninavyowafundisha, na juu yake ameandika kwa herufi ndogo:

"mpaka ahesabu hela mara mbili."