Anwani ya IP peke yake si hatia: namna nchi inavyoiomba nyingine msaada dhidi ya shambulio la kimtandao

Hospitali inafungiwa mafaili yake usiku wa manane. Seva inayotoa amri za shambulio iko nchi ya pili, imelipiwa kwa kadi iliyoibwa nchi ya tatu, na kampuni iliyoikodisha haina habari. Polisi wa nchi iliyoumizwa hawawezi kuvuka mpaka kwenda kuizima. Wanaweza kuomba tu, na jibu litategemea ahadi ambazo mataifa yamepeana pamoja na jinsi ombi lenyewe lilivyoandikwa.

Ahadi zipo. Mwaka 2015 wataalamu wa serikali kutoka nchi 20, Kenya ikiwamo, walikubaliana katika Umoja wa Mataifa juu ya kanuni 11 za mwenendo wa dola mtandaoni. Mwaka huohuo Baraza Kuu likazitaka nchi zote ziongozwe nazo. Ni kanuni za hiari. Zinakataza dola kuharibu kwa makusudi miundombinu muhimu inayowahudumia wananchi wa nchi nyingine, na zinakataza kuishambulia timu ya dharura za kompyuta ya mwenzako au kuitumia yako kushambulia. Lakini kwa kazi ya kila siku, mbili ndizo zenye uzito zaidi: nchi isiruhusu, hali inajua, ardhi yake itumike kuwadhuru wengine; na ijibu ombi la nchi ambayo miundombinu yake muhimu inashambuliwa.

Maneno "hali inajua" yasipitwe haraka. Hakuna anayeitaka serikali ichungulie kila kifaa kilichoko nchini. Ikishajulishwa, hata hivyo, haiwezi tena kusema haikujua. Ripoti ya wataalamu ya mwaka 2021 iliongeza ufafanuzi muhimu: anayepokea taarifa akiri kuipokea, na kukiri kupokea hakumaanishi kukubali yaliyomo. Tena, shambulio kutoka anwani iliyomo nchini mwako halikufanyi wewe kuwa mshambuliaji. Bila ufafanuzi huo, afisa anayeogopa kuonekana amekiri kosa angeifungia barua kabatini.

Sasa ombi lenyewe. Liwe na anwani za IP (namba zinazotambulisha vifaa mtandaoni) za pande zote mbili, namba za poti (milango ya mawasiliano ndani ya kifaa), wakati hadi sekunde, alama ya SHA-256 (mfano wa alama ya kidole ya faili) ya programu hasidi iliyopatikana, huduma iliyoathirika, na kinachoombwa hasa. Liwe pia na rangi ya TLP, mfumo wa kimataifa wa rangi, inayoonyesha nani anaruhusiwa kuisoma taarifa hiyo.

Maombi mengi hukwama kwenye wakati. Kwetu, "saa nane usiku" ni 02:00, na Afrika Mashariki iko saa tatu mbele ya UTC (saa ya kimataifa), kwa hiyo tukio hilo linaandikwa 23:00 UTC ya siku iliyotangulia. Mwandishi wa ombi akiandika 08:00, au akisahau kurudisha tarehe nyuma, mwenzake atatafuta kumbukumbu za mifumo za saa nyingine kabisa na kujibu kwa uaminifu kwamba hakuna kitu. Poti nayo ina sababu yake: kampuni za simu huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya IP. Bila poti na sekunde kamili, kampuni haiwezi kumtofautisha mmoja na mwingine.

Kosa jingine ni kuomba seva "izimwe" na kuishia hapo. Kampuni itaifuta, na ushahidi utakwenda nayo. Omba nakala ihifadhiwe kwanza, isipokuwa pale maisha ya watu yako hatarini na kila dakika ina gharama. Na ombi la kuhifadhi litumwe mapema, kwa sababu timu za kiufundi hupeana taarifa kwa saa chache, ilhali ushahidi wa mahakamani kwa kawaida hupitia msaada wa kisheria baina ya nchi, ambao huchukua miezi. Kumbukumbu nyingi hazidumu muda huo.

Ombi linatumwa kwa nani? Tangu Mei 2024 Umoja wa Mataifa una orodha ya nchi kwa nchi ya wasiliani wa kidiplomasia na wa kiufundi, nayo hujaribiwa kila miezi sita. Orodha hufa pale nchi inapoandikisha barua pepe ya mtu binafsi, mtu huyo akahamishwa kituo. Iandikishwe anwani ya ofisi yenye zamu ya saa 24, pamoja na namba ya simu, maana mshambuliaji huenda anasoma barua pepe zenu.

Kwa wanaotunza mifumo ya taasisi, pa kuripoti ni timu ya dharura za kompyuta ya nchi: TZ-CERT iliyo chini ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano) nchini Tanzania, au KE-CIRT/CC chini ya Mamlaka ya Mawasiliano nchini Kenya. Mashine ikivamiwa, itenge na mtandao lakini usiizime: yaliyomo kwenye RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) hupotea umeme ukikatika. Kisha andika saa inayoonyeshwa na mashine na saa sahihi pembeni yake, kwa sababu saa ya seva ikichelewa dakika nne, nyakati zote mtakazompelekea jirani zitachelewa dakika nne.