Waziri wa chakula na sehemu za Darasa la Tano

Msimu wa mazoezi ya kufundisha ukifika, mimi hutembea na fomu za tathmini, kalamu mbili na stuli yangu ya kukunja. Stuli niliinunua baada ya miaka mingi ya kukalia madawati ya watoto, magoti yakigusa kidevu. Nikiingia darasani huiweka nyuma kabisa, kwenye kona ya wale ambao mwalimu hawafikii kwa macho. Ukikaa hapo dakika kumi unajua kama mtu anafundisha au anahutubia.

Mimi ni mkufunzi wa hisabati katika chuo cha ualimu. Kijana ninayetaka kumsimulia alikuwa waziri wa chakula katika serikali ya wanachuo. Kwa asiyejua maisha ya vyuo vyetu, huo ndio uwaziri usio na rafiki. Maharage yakiwa mabichi, ni waziri. Chumvi ikizidi, ni waziri. Siku za wali, mabweni ya mbali yalikuwa yakifika dirishani yanakuta ukoko, na yeye ndiye aliyegundua kwamba ukoko unaliwa na watu walewale kila wiki. Hakuitisha mkutano. Alibandika karatasi mlangoni mwa bwalo: leo linaanza bweni hili, kesho lile. Nikamuuliza aliwajuaje wakati hawakuwahi kulalamika. Akasema, "Mkufunzi, wanaolalamika nawasikia tu. Hawa nilikwenda kukaa nao."

Nilitegemea kijana kama huyo atakuwa mwalimu mzuri tangu siku ya kwanza. Wapi!

Somo lilikuwa kulinganisha sehemu, Darasa la Tano. Andalio lake la somo lilikuwa safi, hatua zote zimepangwa: utangulizi, maarifa mapya, kuimarisha, tafakari, hitimisho. Dakika arobaini zikaisha kengele ikilia, kama alivyoandika. Katikati ya kipindi aliuliza ipi kubwa kati ya 1/3 na 1/4. Binti mmoja wa mbele akasema 1/4, kwa sababu nne inaizidi tatu. Kijana akasema, "Hapana. Mwingine?" Mwingine akasema 1/3. "Vizuri sana, mpigieni makofi." Makofi yakapigwa, hata na yule binti. Mtoto aliyekaa karibu nami pale nyuma alipiga makofi kisha akaandika kwenye daftari lake kwamba 1/5 ni kubwa kuliko 1/4.

Kwenye sehemu ya tathmini kijana aliandika: "Somo limeeleweka vizuri." Sentensi hiyo nimeisoma kwenye maandalio mengi kuliko salamu. Nilipomuuliza amejuaje, alinijibu kwa unyenyekevu kabisa, "Walinyoosha mikono wote, mkufunzi."

Kosa hili tunalipika wenyewe chuoni. Tuna kipindi cha kufundishana wenyewe kwa wenyewe: mmoja anasimama ubaoni, wenzake wanajifanya Darasa la Tano. Wazo la kumpa mwalimu tarajali kipindi kifupi, kumkosoa, kisha kumrudisha arudie, lilianzia Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani mwaka 1963, na sina ugomvi nalo. Ila mtu mzima hajui kukosea kitoto. Anajibana sauti, anapiga kelele "mwalimu, mwalimu!", darasa zima linacheka, lakini hakuna hata mmoja atakayesema 1/4 inaizidi 1/3. Kosa lile lina mantiki yake. Mtoto amefundishwa miaka minne kwamba nne ni zaidi ya tatu, na hajadanganywa. Asili ya sehemu, yaani ile namba ya chini, ndiyo namba ya kwanza kumgeuka. Usipolichukua jibu lake ukaliangalia pamoja naye, ataendelea kuliamini kimyakimya huku akikupigia makofi.

Ndiyo maana siwacheki wale walioitwa walimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka ifikapo 1977 kila mtoto awe shuleni, walimu hawakutosha, wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba wakajifunza kazi huku wakiifanya. Jina lao liligeuka kejeli mitaani. Mimi kusoma nilifundishwa na mmoja wao. Mapengo alikuwa nayo, ila makosa ya watoto aliyajua kama njia ya kwenda kwao.

Turudi kwa waziri. Tulikaa chini ya mwembe wa shule, nikamfungulia daftari la yule mtoto. Nikamuuliza, "Waziri, darasa hili ukoko wanakula akina nani?" Alinyamaza kidogo, kisha akacheka yale macheko ya mtu aliyeshikwa.

Wiki mbili baadaye nilirudi. Alikuja na masinia mawili ya kuazima na ugali wa udongo wa mfinyanzi, bonge na bonge, ukubwa mmoja. Sinia la kwanza watoto watatu, la pili wanne. "Gawaneni sawa." Kisha akamuuliza yule binti angependa kukaa wapi. Binti akaangalia matonge, akahama kwenda kwa watatu. Mwalimu hakusema vizuri wala vibaya. Alimpa chaki aandike tonge lake ni ngapi ya sinia, na darasa likaanza kubishana lenyewe.

Kengele ililia tafakari na hitimisho hazijaguswa. Kwenye tathmini aliandika: "Watoto 11 bado wanafuata namba kubwa. Nitakaa nao kesho kabla ya mstarini." Majina yote kumi na moja yalikuwa hapo.

Mkufunzi mwenzangu niliyekwenda naye alimkata alama kwa kutomaliza somo, mimi nikampa zote. Tulibishana kwenye daladala mpaka stendi, na fomu ile hadi leo ina alama mbili tofauti.