Udongo wa Baridi Maabarani: Asilimia Pekee Haitoshi

Wanafunzi wanaokuja maabara yetu hapa Nakuru kwa mafunzo ya vitendo huuliza swali moja udongo ukishapimwa: kaboni ni asilimia ngapi? Kwa shamba la mahindi la Bahati au Rongai, jibu hilo linamtosha mkulima. Ukipanda hadi Molo au Mau Narok, ambako sakitu huunguza viazi usiku, linaanza kupwaya. Ukifika Siberia, Alaska au kaskazini mwa Kanada, linapotosha kabisa.

Huko kaskazini kuna pamafrosti, yaani ardhi iliyokaa kwenye nyuzi sufuri au chini yake kwa angalau miaka 2 mfululizo. Sehemu kubwa yake imeganda kwa maelfu ya miaka, na mizizi na majani yaliyofia humo hayakupata nafasi ya kuoza yakaisha. Udongo wa maeneo hayo unakadiriwa kushikilia kaboni tani bilioni 1,500 hivi, karibu mara mbili ya iliyo angani. Baridi ndiyo iliyoitunza, na maabara ni mahali penye joto. Hapo ndipo ugumu wa kazi hii ulipo.

Kwa hiyo kipande kikishachimbuliwa kwa keekee husafirishwa kikiwa kimeganda, halafu hukatwa kwa msumeno kwenye chumba cha baridi. Kikiyeyuka njiani, hasara ni mbili. Vijidudu vinaamka na kuanza kula kitu kilekile ulichotaka kukipima. Pia barafu ikishageuka maji, kipande kinaporomoka na hutajua tena kilichukua nafasi gani ardhini. Mimi nikiambiwa niokoe kipimo kimoja tu, nitaokoa ujazo.

Fanya hesabu uone. Mboji ya kinamasi, yaani mabaki ya mimea ambayo hayajaoza yakaisha, inaweza kuwa na kaboni asilimia 45, lakini ni nyepesi mno: sentimita moja ya ujazo ikikaushwa hubaki na gramu 0.1 tu. Udongo wa shamba wenye kaboni asilimia 3 una gramu 1.1 hivi kwa ujazo huohuo. Chukua tabaka la sentimita 10 kwa kila mmoja. Kinamasi kitakupa kilo 4.5 za kaboni kwa mita mraba, shamba kilo 3.3. Kwa asilimia walipishana mara 15. Kwa akiba halisi hata mara moja na nusu haifiki. Ndiyo maana huwa nakataa sampuli ya udongo wa milimani iliyosombwa kwa jembe na kutiwa kwenye mfuko wa plastiki, kisha mtu anataka aambiwe kuna tani ngapi kwa hekta. Leta pete ya chuma yenye ujazo unaojulikana, tutaongea.

Baada ya hapo ndipo tunapima kaboni yenyewe, na hapa maabara nyingi za Kenya huanza na njia ya Walkley na Black ya mwaka 1934. Gramu 1 ya udongo, mililita 10 za potasiamu daikrometi (kemikali ya rangi ya machungwa inayounguza kaboni na kugeuka kijani inapotumika), mililita 20 za asidi kali ya salfuriki. Chupa inapata moto yenyewe, huhitaji jiko. Unaiacha nusu saa, unaongeza maji, kisha unadondosha myeyusho wa chuma kutoka kwenye bureti (mrija wenye alama za kipimo) ili kupima daikrometi iliyobaki, hadi rangi igeuke ghafla kutoka kijani hadi hudhurungi nyekundu. Jicho lililozoea huona tone moja kabla. Kwa kuwa joto hilo halichomi kaboni yote, ilikubaliwa kwamba inayopatikana ni kama asilimia 77, hivyo jibu huzidishwa kwa 1.3.

Sasa weka mboji ya kinamasi humo. Mililita 10 za daikrometi ya kawaida zinaishiwa nguvu udongo ukifikisha kaboni asilimia 4 hivi. Chupa inakuwa kijani tupu kabla hujagusa bureti, na namba utakayoandika haina maana. Ukitaka kuendelea na njia hii lazima upime chini ya gramu 0.08, na kwa kiasi kidogo hivyo kijiti kimoja cha mzizi kinabadilisha jibu zima. Isitoshe, ile 1.3 ni wastani tu. Udongo mmoja huungua zaidi, mwingine kidogo. Na taka ya kromiamu inayobaki kutoka kwenye daikrometi ni sumu, haimwagwi kwenye sinki.

Kuchoma kwenye tanuri ni rahisi zaidi: kausha kwa nyuzi 105, pima, choma kwa nyuzi 550, pima tena. Kilichopotea unakihesabu kuwa mboji. Kwa kinamasi cha juu ya Mlima Elgon njia hii inafanya kazi vizuri. Kwa udongo mwekundu wa Kakamega sitaiamini, kwa sababu mfinyanzi na kutu ya chuma iliyomo hutoa maji yaliyofungwa ndani yake kwenye joto hilohilo, na mizani haijui kutofautisha maji na mboji.

Mashine inayochoma sampuli kwa oksijeni kwenye joto la nyuzi 900 na zaidi, kisha ikapima kaboni dayoksaidi inayotoka, inamaliza ubishi mwingi. Bei yake ndiyo tatizo. Udongo wenye chokaa lazima kwanza uoshwe kwa asidi, maana chokaa nayo hutoa gesi hiyohiyo.

Lakini hata mashine hiyo haikwambii kaboni itaondoka kwa kasi gani ardhi ikipata joto. Kwa swali hilo tunafungia udongo kwenye chupa, nyingine kwenye nyuzi 5, nyingine 15, nyingine 25, kila moja ikiwa na kikombe cha sodiamu haidroksaidi cha kunasa kaboni dayoksaidi inayotolewa na vijidudu. Mara nyingi joto likipanda nyuzi 10, upumuaji huongezeka mara mbili hivi, na kwenye baridi kali huongezeka zaidi. Ukiijaza chupa maji na kuiondolea oksijeni, vijidudu vingine hutoa methani, na hiyo haidroksaidi hainasi. Utahitaji kromatografia ya gesi, yaani mashine inayotenganisha gesi na kuzipima moja moja. Siku za mwanzo zina mlipuko wa upumuaji unaotokana na kuyeyushwa tu, kwa hiyo usizichanganye na zinazofuata. Na usisahau chupa tupu isiyo na udongo, maana hata hewa ya chumba ina kaboni dayoksaidi yake, hasa mkiwa watu watano mmeinamia meza moja.