Kutokula nyama: maana yake, na kwa nini watu huchagua hivyo

Lugha yetu yenyewe inatutega katika jambo hili. Ukiuliza "leo mboga ni nini?" unaweza kujibiwa "nyama", na aliyejibu hajakosea, kwa sababu mboga ni chochote kinachosindikiza chakula, yawe majani, maharage, samaki au mbuzi. Kwa hiyo mtu akisema "mimi nala mboga tu", wengi wanaomsikia wanabaki wanabahatisha.

Tuseme wazi basi. Vejiteriani ni mtu asiyekula nyama ya kiumbe chochote: ng'ombe, kuku, samaki, wote sawa. Kuna anayetumia maziwa na mayai, kuna anayekunywa maziwa lakini mayai hagusi, na kuna vegani, ambaye hatumii chochote kilichotoka kwa mnyama, hata asali. Chama cha kwanza cha walaji wa mimea kilianzishwa Uingereza mwaka 1847. Neno vegani lilitungwa hukohuko mwaka 1944, na watu walioona kwamba kuacha nyama huku unaendelea na maziwa ni kuishia njiani. Zamani zaidi, Wazungu wasiokula nyama waliitwa kwa jina la Pythagoras, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale.

Sasa tazama sufuria hili. Nyama imeiva, mchuzi una macho ya mafuta juu, na mwenyeji anaambiwa dakika hiyo kwamba mgeni wake hali nyama. Anachukua upawa, anatoa vipande kimoja kimoja, anampakulia mchuzi mtupu. "Nimekutolea nyama yote, mwanangu, kula usiwe na wasiwasi." Je, mgeni atakula? Jibu linategemea kwa nini aliacha nyama. Anayejali afya anaweza kula kidogo asidhurike. Anayewaonea wanyama huruma atashukuru na kukataa, maana mchuzi ule ni wa mnyama yuleyule. Na kwa wa dini, huenda hata sufuria lenyewe limeshatoka katika hesabu. Watu hawa watatu wanaitwa kwa jina moja, na ndiyo maana naona kuwajua kwa sababu zao kuna faida kuliko kuwajua kwa orodha ya wasivyokula.

Tuanze na afya, kwa kuwa ndiyo inayotajwa zaidi na ndiyo inayopotoshwa zaidi. Mwaka 2015, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliweka nyama za kusindikwa, kama soseji na bekoni, katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani. Lilikadiria kwamba kula gramu 50 za nyama hizo kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa takriban asilimia 18. Nyama nyekundu ya kawaida iliwekwa ngazi moja chini, kwenye vitu vinavyoelekea kusababisha. Wapo waliosoma wakatangaza kuwa soseji ni sawa na sigara. Sivyo. Makundi yale hupima uzito wa ushahidi, hayapimi ukubwa wa madhara.

Ushahidi ninaouthamini zaidi umetoka kwa Waadventista Wasabato wa Marekani na Kanada, ambapo watu wapatao 96,000 walianza kufuatiliwa mwaka 2002. Wengi wao hawavuti sigara wala hawanywi pombe, na baadhi wanakula nyama wakati wengine hawali. Hivyo ukiwalinganisha wao kwa wao, sigara na pombe haviwezi kusingiziwa kwa urahisi. Mwaka 2013 ilitolewa taarifa kwamba wale wasiokula nyama, pamoja na wanaoila kwa nadra, walikuwa na hatari ya kufa iliyo chini kwa asilimia 12 katika miaka waliyofuatiliwa. Lakini haki ni kusema na upande wa pili. Utafiti wa Uingereza uliotoka mwaka 2019, wa watu zaidi ya 48,000, ulikuta vejiteriani wakiugua kwa uchache ugonjwa wa mishipa ya moyo, kwa asilimia 22 chini ya wala nyama, huku kiharusi kikiwapata kwa asilimia 20 zaidi. Anayekuahidi kwamba mimea hukinga kila kitu anakudanganya. Hata viazi vya kukaanga na soda ni mlo usio na nyama.

Hapa kuna jambo moja ambalo namsihi kila anayefikiria kuacha nyama, na hasa maziwa na mayai, alishike: vitamini B12. Vitamini hii hutengenezwa na bakteria. Wanyama wanayo mwilini, mimea haina ya kutegemewa. Ini la binadamu huweka akiba inayoweza kudumu miaka, kwa hiyo mtu hujiona mzima, anasifiwa amependeza, kumbe akiba inakwisha polepole. Baadaye huja ganzi ya vidole, usahaulifu, upungufu wa damu, na mishipa ya fahamu ikishaharibika sana huenda isirudi. Mtoto anayenyonya kwa mama aliyepungukiwa huumia mapema kuliko mama mwenyewe. Dawa yake ni rahisi mno: vidonge, au vyakula vilivyoongezwa B12 kiwandani. Hakuna sababu ya mtu yeyote kufika huko.

Madini ya chuma nayo yanahitaji akili kidogo. Yaliyo katika maharage na dengu hayafyonzwi kwa wepesi kama ya nyama. Kuloweka nafaka na kunde usiku kucha, au kuziotesha kidogo, hupunguza vitu vinavyoyang'ang'ania madini hayo. Kukamulia ndimu sahanini husaidia, kunywa chai pamoja na chakula hudhuru. Kuhusu protini, hofu ni kubwa kuliko tatizo. Kunde zina upungufu fulani ambao nafaka huuziba, na nafaka zina upungufu wao ambao kunde huuziba. Si lazima zikutane kwenye mlo mmoja, zikiliwa siku hiyohiyo inatosha.

Sababu ya pili ni maadili, na swali lake halisi liliulizwa na mwanafalsafa Mwingereza, Jeremy Bentham, mwaka 1789. Alisema tusiulize kama wanyama wanaweza kufikiri au kusema, tuulize kama wanaweza kuteseka. Ukishakubali swali hilo, kazi inaanza, kwa sababu haliishii kwenye nyama. Chukua yai. Katika ufugaji mkubwa wa kuku wa mayai, vifaranga vya kiume havina kazi: havitataga, na mbegu yao haikui haraka kiasi cha kufugwa kwa nyama. Basi huuawa siku ileile wanapoanguliwa. Ujerumani ilipiga marufuku jambo hili kuanzia mwaka 2022. Ng'ombe naye hatoi maziwa bila kuzaa, na ndama dume wa ng'ombe wa maziwa lazima aende mahali fulani. Hata baadhi ya jibini hugandishwa kwa kimeng'enya kinachotolewa kwenye tumbo la ndama. Ndipo unapoelewa kwa nini vegani hakai meza moja na vejiteriani kwa mabishano haya. Binafsi naona hoja ya vegani ndiyo iliyonyooka zaidi, ingawa nawaheshimu wanaopiga hatua moja tu. Wengine huongeza hoja ya ardhi, maji na hewa chafu inayotokana na mifugo, nayo ina uzito wake.

Katika dini, waliofika mbali kuliko wote ni Wajaini, wafuasi wa dini ya kale ya India. Msingi wao ni ahimsa, yaani kutodhuru chochote chenye uhai. Mbali na nyama, samaki, mayai na asali, wengi wao hawali viazi, vitunguu wala karoti, kwa sababu kung'oa mzizi ni kuua mmea mzima na viumbe vidogo vilivyo ardhini. Wanaoshika sana hawali jua likishazama, wasije wakameza mdudu gizani. Wahindu wanashiriki wazo hilo la ahimsa, ila si wote wasiokula nyama, na huko India maziwa hukubaliwa huku yai likihesabiwa kuwa si chakula cha vejiteriani. Kwa Wabuddha kuna tofauti: watawa wa China hawali nyama, ilhali wa mapokeo ya Theravada hupokea chochote kinachotiwa bakulini, ilimradi hawakuona, hawakusikia wala hawashuku kwamba mnyama alichinjwa kwa ajili yao.

Muislamu anaweza kuacha nyama, kwani kuila ni halali na si faradhi. Asichoruhusiwa ni kukiharamisha alichokihalalisha Mwenyezi Mungu. Kwa Wakristo, Mwanzo sura ya 1 inampa mtu mbegu na matunda, na nyama inaruhusiwa baada ya gharika katika sura ya 9. Paulo naye, akiwaandikia Warumi, aliwakataza anayekula na asiyekula kudharauliana. Wakristo wa Orthodoksi huacha nyama na maziwa katika siku zao nyingi za kufunga, lakini hiyo ni saumu, na saumu ina mwisho.

Mohandas Gandhi, aliyekuja kuongoza India kudai uhuru, alifika London mwaka 1888 akiwa ameshamwapia mama yake kwamba hatagusa nyama. Aliporudi kuzungumza na walaji wa mimea wa jiji hilo mwaka 1931, aliwaambia kwamba wengi aliowaona wakishindwa ni wale waliojenga juu ya afya peke yake. Nadhani aliona sawasawa. Anayeacha nyama kwa ajili ya shinikizo la damu hurudi likishuka.

Kwa hiyo mwenyeji wa lile sufuria, safari ijayo, hana haja ya upawa. Aulize kabla ya kuwasha moto. Maziwa unatumia? Mayai je? Na kitunguu?